Dawa ya ng'ombe yaweza kumwua kobe

Madaktari wa mifugo jijini Nairobi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa. Siku hizi wanaletewa pia kasuku, sungura, simbilisi na kobe. Je, wamefunzwa kuwatibu? Na wewe unayewafuga, unajua la kuuliza?

TUSEME ni asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Julai, na Nairobi imefunikwa na lile wingu lake la baridi. Wewe unaishi Kileleshwa, au Kangemi, au katika mojawapo ya nyumba za ghorofa kando ya Barabara ya Ngong. Kwa siku nne sasa kobe wa watoto hajala. Amejikunyata ndani ya gamba lake, macho ameyafumba, na puani anatokwa na kamasi.

Unamtia katika boksi la viatu na kumpeleka kwa daktari wa mifugo aliye karibu, yule yule anayemchanja mbwa wa jirani. Daktari ni mtu mpole, tena msomi. Anamgeuza kobe huku na huku, anakisia kwamba ana minyoo, kisha anachukua chupa ya ivermektini iliyo kabatini na kumdunga sindano ndogo. Dawa hiyo amewapa ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa miaka mingi bila kujuta.

Kesho yake kobe hawezi kuinua kichwa. Miguu imelegea kama kitambaa kilicholowa. Siku ya tatu amekufa. Watoto wanalia, nawe unawatuliza kwa kusema kwamba ugonjwa ulikuwa umezidi.

Huenda ugonjwa haukuwa umezidi, msomaji. Huenda kilichomwua ni sindano.

Kisa hiki tumekitunga, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake isiyoweza kutokea leo katika jiji hili. Dawa hiyo inauzwa katika kila duka la dawa za mifugo, kutoka katikati ya jiji hadi Uthiru na Wangige. Daktari hakuwa mzembe. Alifanya kile alichofunzwa kufanya, isipokuwa alikifanya kwa mnyama ambaye hakufunzwa kumtibu.

Amefunzwa, lakini si kwa huyu

Ukipanda matatu katikati ya jiji na kufuata Waiyaki Way, ukapita Westlands, kisha Kangemi, utafika Kabete. Hapo ndipo kilipo kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimekuwa kikitoa madaktari wa mifugo tangu miaka ya 1960. Mwanafunzi husoma miaka mitano. Akihitimu, ni sharti asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, ijulikanayo kwa herufi KVB, kabla ya kuruhusiwa kushika sindano na kutoza ada.

Katika miaka hiyo mitano anajifunza mengi. Anajifunza ndigana kali, ugonjwa wa midomo na miguu, kimeta, homa ya Bonde la Ufa, mdondo wa kuku na kichaa cha mbwa. Anajifunza kumzalisha ng'ombe aliyeshindwa kuzaa usiku wa manane na kukagua nyama kabla haijafika buchani. Na hivyo ndivyo inavyopasa. Maisha ya mamilioni ya Wakenya hutegemea ng'ombe, mbuzi, ngamia na kuku. Nchi iliyosomesha daktari kwa gharama kubwa haiwezi kuanza na kasuku.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipoacha kumwajiri moja kwa moja kila daktari wa mifugo aliyehitimu. Wengi walilazimika kujitegemea. Waliobaki Nairobi walifungua kliniki, na kliniki ya jijini haiishi kwa ng'ombe. Inaishi kwa mbwa na paka wa Lavington, Karen na Westlands, na sasa kwa wanyama wengine wanaoweza kufugwa katika nyumba isiyo na ua. Mtu anayeishi ghorofa ya sita hawezi kumfuga mbwa mkubwa. Anaweza kumfuga sungura, au ndege, au simbilisi, wale ambao watoto wetu huwaita ginipigi.

Katika lugha ya kitabibu ya Ulaya na Marekani wanyama hawa wote hutiwa katika fungu moja na kuitwa wanyama wa kigeni. Jina hilo linatuchekesha sisi. Kobe wa madoa ni mwenyeji wa mbuga zetu. Kalunguyeye hutembea usiku katika bustani za Nairobi. Kinyonga wa pembe tatu yumo katika ua wa michongoma, na alikuwamo kabla ya barabara ya lami kufika. Mwaka 1972 baadhi yao walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kuuzwa kama wanyama wa kufugwa, wakatoroka, na hadi leo kizazi chao kinaishi huko. Kwa hiyo si wanyama ambao ni wageni hapa. Ugeni wao uko juu ya meza ya daktari.

Dawa tatu za kuogopwa

Ukitaka kuelewa kwa nini mafunzo ya ziada ni jambo la uhai na kifo, angalia dawa tatu zinazopatikana karibu katika kila mfuko wa daktari wa mifugo nchini.

Ya kwanza ni hiyo ivermektini. Ni dawa bora kabisa. Satoshi Ōmura na William Campbell, walioigundua asili yake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa hiyo imewaokoa watu wengi wa Afrika na ugonjwa wa usubi unaopofusha macho. Mwilini mwa ng'ombe dawa hii huzuiwa isiingie ubongoni. Kwa kobe kizuizi hicho hakitoshi. Dawa hupenya na kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba kobe anaweza kupooza kwa kipimo kidogo kuliko kile anachopewa ng'ombe kwa kila kilo ya uzito wake. Kuna dawa nyingine za minyoo anazoweza kupewa kobe. Hii si mojawapo.

Ya pili ni penisilini, hasa ile iliyochanganywa na streptomisini ambayo kila mfugaji anaijua. Sungura na simbilisi hawasagi chakula chao kama mbwa. Wana mfuko mkubwa wa utumbo uliojaa bakteria wema wanaovunda majani kwa niaba yao. Mpe sungura penisilini kwa mdomo, nawe utakuwa umewaua wale bakteria wema. Wabaya hubaki peke yao, huzaana, hutoa sumu, na baada ya siku chache sungura anaharisha na kufa. Kwa simbilisi hata ile ya sindano ni hatari. Ndege wadogo nao wana shida yao: dutu ya prokaini iliyomo katika penisilini nyingi za sindano, na hata streptomisini yenyewe, zinaweza kuwaua.

Ya tatu ni fiproni, dawa ya kupuliza inayoua viroboto na kupe wa mbwa. Mbwa akipuliziwa, hajikuni tena. Sungura akipuliziwa, anaweza kupatwa na degedege na kufa.

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo dawa mbovu. Ubaya uko katika kudhani kwamba mnyama ni mnyama, na kwamba aliyemponya mkubwa atamponya mdogo kwa kupunguza kipimo.

Ulimwengu ulifunzwa somo hilo kwa uchungu huko India, Pakistan na Nepal. Miaka ya 1990 tai mzoga walianza kutoweka katika nchi hizo bila mtu kujua sababu. Mwaka 2004 wanasayansi walitangaza kwamba kiini chake ni diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tai aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa hiyo aliharibika figo na kufa. Aina tatu za tai zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla ya nchi hizo kupiga marufuku, mwaka 2006, dawa hiyo isitumiwe kwa mifugo. Ng'ombe hawakudhurika. Waliolipa ni ndege ambao hakuna daktari aliyewafikiria.

Mgonjwa anayeficha ugonjwa wake

Jambo la pili ambalo daktari wa kawaida hana budi kufunzwa ni kumtazama mgonjwa anayejificha.

Mbwa akiugua hulia, hulala, hukutazama kwa huruma. Kasuku, sungura na kobe hawafanyi hivyo. Porini wao ni kitoweo cha wengine, na anayeonyesha udhaifu ndiye wa kwanza kuliwa. Kwa hiyo kasuku mgonjwa hujikaza, hukaa wima na kudonoa chakula kana kwamba anakula. Siku utakayomkuta ameketi sakafuni mwa kizimba, manyoya yamevimba, jua kwamba ameugua kwa siku nyingi.

Mgonjwa wa namna hii anaweza kufia mikononi mwa daktari. Ndege hana kiwambo cha kifua kama chetu. Hupumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukimkamata kwa nguvu kifuani, hata kama unampenda, unamziba pumzi. Daktari aliyefunzwa humtazama kwanza akiwa kizimbani, huhesabu pumzi zake, hutayarisha kila kitu mezani, ndipo amshike kwa taulo kwa muda mfupi. Ambaye hakufunzwa humkimbiza ndege chumbani kwa dakika kumi, na anapomkamata hana mgonjwa tena.

Kisha kuna suala la vipimo. Ng'ombe wa kilo 400 hupewa mililita 8 za ivermektini, na daktari akikosea kidogo hakuna neno. Kasuku wa kijivu ana gramu 400 hadi 500. Kasuku mdogo wa Australia, yule wa rangi ya kijani au samawati, ana gramu 35 hivi. Damu yake yote haifiki mililita 4. Matone machache yakimtoka ni hatari. Kwa mgonjwa kama huyu hakuna kukisia. Lazima apimwe kwa mizani, na dawa ivutwe kwa sindano ndogo ya insulini.

Chakula nacho ni nusu ya ugonjwa. Kasuku wengi jijini hulishwa mbegu za alizeti tu, pengine na ugali na chai ya maziwa. Mbegu zina mafuta mengi lakini hazina vitamini A ya kutosha wala chokaa ya kutosha. Kasuku wa kijivu akikosa chokaa huanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Sungura anayelishwa chakula cha dukani bila nyasi kavu hupata shida ya meno, kwa kuwa meno yake hukua maisha yake yote, karibu milimita 2 kwa wiki, na yanahitaji kusagwa na nyasi. Simbilisi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Asipopata mboga mbichi, viungo humvimba na fizi humtoka damu. Daktari anayeuliza mgonjwa anakula nini, kabla ya kufungua kabati la dawa, amekwisha kutibu nusu ya wagonjwa wake.

Kuhusu kobe, dawa ya kwanza ni joto. Mwili wake hauna moto wake mwenyewe. Huchukua joto la mahali alipo. Usiku wa Julai hapa Nairobi, katika kimo cha karibu mita 1,700, joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Kobe aliyelazwa juu ya sakafu ya saruji hawezi kusaga chakula, kupigana na maradhi wala kutumia dawa aliyodungwa. Mpe joto la nyuzi 28 mchana, na huenda ataanza kula bila sindano yoyote.

Lakini usichukue jiko la makaa ukamwekea chumbani. Moshi na hewa yake yenye sumu itamwua yeye, na itakuua wewe. Ndege huathirika hata na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikiunguzwa jikoni. Hufa kwa dakika chache tu.

Mafunzo ya namna gani?

Si lazima kila daktari wa mifugo awe bingwa wa nyoka na kasuku. Katika Ulaya na Marekani ubingwa huo una vyama vyake. Chama cha madaktari wa ndege, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 1980. Lakini mtu wa Kawangware mwenye sungura mgonjwa hahitaji bingwa wa kimataifa. Anahitaji daktari wa mtaa ajuaye mambo machache na kuyajua vizuri: namna ya kumshika mgonjwa asimwumize, kumpima uzito, kumtia joto, kumpa maji, kuuliza juu ya chakula, kuepuka dawa za kuua, na kutambua mapema kwamba huyu ni wa kupelekwa kwa aliyemzidi ujuzi.

Mambo hayo hayahitaji miaka mingine mitano. Tena daktari wetu haanzi na mikono mitupu. Aliyefunzwa kuku amekwisha kujua mapafu ya ndege, mifuko yake ya hewa, na ukungu unaoota humo. Kuku na kasuku hawafanani kwa tabia, lakini ukiwapasua wanafanana kuliko mbwa na ng'ombe. Vilevile sungura hufugwa kwa nyama katika sehemu nyingi za Kenya, na daktari amewaona shambani. Kinachobaki ni kumfunza kwamba sungura wa shamba hutibiwa kama kundi, naye sungura wa mtoto wa Lavington ni mgonjwa mmoja mwenye jina.

Mahali pa kujifunzia tunapo. Nyoka na kobe wako kwenye hifadhi ya nyoka iliyo katika Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, tangu mwaka 1961. Kwenye Barabara ya Lang'ata kuna makao ya wanyama yatima katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1964. Wiki moja ya kushika, kupima na kulisha mahali kama hapo ingemfaa daktari kuliko mihadhara ya mwezi mzima hotelini.

Wala elimu hii si mpya kwetu. Daktari wa Kiingereza, John E. Cooper, aliyefanya kazi Kenya mapema miaka ya 1970, alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa fani hii: mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya maradhi ya ndege wawindaji, na mwaka 1981 alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kikubwa cha maradhi ya nyoka, kobe na mijusi. Kati ya maarifa yanayosomwa leo ng'ambo, mengine yalichumwa kwa wanyama wa kwetu. Ingekuwa aibu yakose kurudi nyumbani.

Njia ya kuyarudisha ipo tayari. Daktari anayetaka kuhuisha leseni yake ya kila mwaka hutakiwa na KVB kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza, na kwa kila kozi hupata pointi. Wanaopanga kozi hizo wakitenga siku mbili kwa sungura, ndege na kobe, madaktari watahudhuria, kwa kuwa pointi wanazihitaji hata hivyo. Na vifaa si ghali: mizani ya jikoni yenye kupima gramu, sindano za insulini, taulo, taa ya joto, kipimajoto, na boksi lenye giza la kumpumzishia ndege. Gharama kubwa iko katika kukubali kusema: huyu simjui, ngoja nisome.

Afya yako na ya watoto wako

Daktari ambaye hajafunzwa hamwachi mnyama peke yake hatarini. Anakuacha na wewe pia.

Kasuku wanaweza kubeba homa ya kasuku, ugonjwa wa bakteria unaoingia kwa vumbi la kinyesi kikavu na manyoya. Mtu hupata homa, maumivu makali ya kichwa na kikohozi kikavu, na daktari wake hudhani ni malaria au nimonia ya kawaida. Kati ya mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea katika nchi nyingi kwa kasuku waliouzwa kutoka Amerika Kusini, na watu wengi wakafa. Leo unatibika kwa doksisaiklini, mradi mtu aukumbuke. Kwa hiyo ukiugua kifua na una kasuku nyumbani, mwambie daktari wako wa hospitali bila kuulizwa.

Kobe, mijusi na nyoka hubeba bakteria wa salmonela matumboni mwao bila wao wenyewe kuugua. Mtoto humshika kobe, kisha humtia kidole mdomoni mdogo wake. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa kuwa ndio watoto waliokuwa wakiwatia mdomoni. Wataalamu wanashauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, au mzee dhaifu, au mtu mwenye kinga hafifu, isifuge wanyama hao kabisa.

Simbilisi na sungura nao huweza kuwaambukiza watoto choa. Dawa ya yote haya huanza na sabuni. Osha mikono kila unapomshika mnyama, na usisafishe kizimba chake katika sinki la kuoshea vyombo.

Usimfiche daktari, wala sheria

Kuna sababu nyingine inayowafanya wanyama hawa kufika kliniki wakiwa mahututi. Wenye kuwafuga huogopa.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza mtu kuwa na mnyama wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kobe uliyemwokota barabarani ukitoka Magadi ni mnyama wa porini. Kalunguyeye ni wa porini, na vilevile komba, tumbili na kinyonga. Kasuku wa kijivu, tangu Januari 2017, amewekwa katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Na usidhani kwamba mahakama hujali tembo na vifaru tu. Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na sisimizi waliokusudiwa kuuzwa ng'ambo. Sisimizi, msomaji.

Anayeogopa sheria humficha mnyama mpaka amezidiwa, na akimleta hudanganya alikomtoa na amekaa naye muda gani. Daktari naye hutibu akiwa gizani. Njia iliyonyoka ni kwenda KWS kabla hujanunua wala kuokota. Ukimkuta mnyama wa porini ameumia, usimlee. Wapigie wenye kazi hiyo.

Uliza maswali haya

Mnyama wako akiwa mzima, si siku anapokata roho, mtembelee daktari wa mtaa wako na umwulize bila haya:

Je, umesajiliwa na KVB, na leseni yako ni ya mwaka huu? Daktari halisi haudhiki kwa swali hilo.

Umewahi kumtibu mnyama wa aina hii? Akisema hajawahi, lakini anamjua mwenzake aliyewahi, huyo ni mtu mwaminifu. Mshike.

Utampima uzito kabla ya dawa? Asipokuwa na mizani ya gramu, nenda na yako ya jikoni.

Dawa hii ni ipi, na ni salama kwa sungura, au kwa ndege, au kwa kobe? Mwombe aiandike jina. Taja zile tatu ulizozisoma hapa.

Nawe ujitayarishe. Beba kinyesi kibichi katika kifuko safi. Andika chakula cha wiki nzima, bila kuficha ile chai. Mbebe ndege katika kizimba chake kikiwa kimefunikwa, na kobe katika boksi lenye chupa ya maji moto iliyoviringishwa kwa kitambaa. Usimnyime sungura chakula kabla ya kufanyiwa upasuaji. Yeye hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu husimama kufanya kazi. Na usinunue dawa dukani kwa kumweleza muuzaji dalili tu.

Turudi kwa yule kobe wetu wa Julai. Daktari aliyefunzwa angempima uzito kwanza. Angeuliza analala wapi, na ungejibu: sakafuni, karibu na mlango. Angemtia kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyofika puani ili anywe, angekwambia umwekee taa ya joto mchana na umpe majani ya sukuma wiki na ya kunde badala ya mkate, na angetuma kinyesi kipimwe kabla ya kutaja minyoo. Kamasi isipokauka kwa siku chache angetafuta dawa inayomfaa kobe, akihesabu kipimo kwa gramu. Wiki ya pili kobe angekuwa anazunguka jikoni akigonga miguu ya meza.

Tofauti kati ya kobe huyo na yule aliyezikwa nyuma ya nyumba si fedha nyingi, wala mashine ya ng'ambo. Ni siku mbili za mafunzo, mizani ya jikoni, na mwenye mnyama anayejua kuuliza.